Kiti cha Kaunta na Maneno Manne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kiti cha kaunta kiko wazi! Dada wa kaunta anahama na mumewe, ametuaga asubuhi kwa machozi na keki. Nimelia naye kidogo, kwa adabu. Jicho langu lilikuwa kwenye kiti. Kinazunguka. Kina mgongo. Mbele yake kuna dirisha la kuona barabara nzima, juu yake feni. Mimi nina miaka kumi na sita nimesimama kwenye pasi kubwa ya kiwanda hiki cha dobi, napuliziwa mvuke usoni hadi wamenibandika jina la Mvuke. Miguu imevimba. Nikifika nyumbani nikavua viatu, Mama anafungua dirisha.

Saa nne Meneja akatukusanya. Akasema wateja wa siku hizi ni mahoteli na maofisi, wageni wengi, kwa hiyo mtu wa kaunta ni lazima ajue kuwaandikia vikaratasi kwa Kiingereza: shuka hili lina doa, suti hii haitaki maji ya moto, njoo uchukue Alhamisi. Yatakuwepo masomo saa ya chakula, Jumanne na Alhamisi, kwa wiki mbili. Mtihani Ijumaa tarehe 14. Atakayeongoza, kiti ni chake.

Nikanyoosha mkono wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Wa pili alikuwa Fundi Sindano, mama anayetushonea vifungo vilivyokatika; alisema anataka tu kujua wateja wanamtukana nini. Na wa tatu alikuwa nani? Mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Ni mimi niliyemleta hapa miaka sita iliyopita, ni mimi niliyemfundisha kushika pasi, na leo kiwanda kizima kinamwita Kola, ati hakuna anayenyoosha kola ya shati kama yeye. Kola tu! Mikono ya mashati anaipiga wastani. Meneja alipouona mkono wake alitabasamu. Wangu aliuandika tu kwenye karatasi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Darasa ni stoo ya mashuka. Tunakalia marobota, ubao umeegemezwa kwenye rafu ya taulo. Mwalimu ni mama mmoja mstaafu, mwembamba, miwani yake ina kamba shingoni. Tunamwita Madamu. Akaandika maneno manne: 'must', 'should', 'can', 'may'. Akasema nusu ya Kiingereza cha kaunta imo humo. 'Must' ni lazima, hakuna mjadala. 'Should' ni ushauri, yaani ingefaa. 'Can' ni uwezo. 'May' ni ruhusa, au labda. Ukimwandikia mteja la lazima mahali pa ushauri, umemgombeza. Ukimwandikia la ushauri mahali pa lazima, atakuja kutulilia suti imesinyaa.

Yote nimeyaelewa. Taabu ilianza tulipopewa sentensi zenye mapengo. Pengo linakutazama, nawe unalitazama. Nikajaribu maneno yote manne, moja baada ya jingine, na kila moja likakaa vizuri tu! Sasa mtu atachaguaje?

Halafu Madamu ana desturi yake. Hasahihishi yeye. Tunabadilishana madaftari na jirani, anasoma majibu kwa sauti, kila mtu anasahihisha la mwenzake. Jirani yangu alikuwa Kola. Nimepata matatu kwa kumi. Yeye kumi kwa kumi, na tiki zote kumi nimemwekea mimi kwa mkono wangu huu! Chini ya matatu yangu ameandika: Jitahidi, kaka. Kwa penseli, ili nikitaka nifute. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Nimefuta.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mama ameomba chumvi kwa Kiingereza. Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe Kola amekuwa akimfundisha jikoni wanapochambua mboga. Mama anasema hili neno 'may' ni neno la watu waungwana, ukiliweka mbele, kitu unachoomba kinakuja haraka. Kweli kilikuja haraka, maana chumvi ilikuwa karibu yangu na ni mimi niliyempa. Alimshukuru Kola.

Miaka yote nimeishi na mama huyu, hajawahi kuniomba chochote kwa lugha ya kigeni.

Kola akasema akipenda kaka tutakaa pamoja jioni tufanye mazoezi. Nikamwambia asante, mimi nina njia yangu. Sikuwa na njia yoyote. Ilinibidi niitafute pale pale, nikaipata! Pale kiwandani kila nguo tunaishonea uzi mdogo kwenye pindo ili anayeipokea ajue ifanywe nini. Uzi mwekundu, maji ya moto. Bluu, maji baridi. Njano, itiwe wanga. Kijani, ifuliwe kwa mkono. Macho yangu yanazijua rangi hizo hata kichwa kikiwa mahali pengine. Basi 'must' nimeipa nyekundu, maana maji ya moto hayana mjadala. 'Can' bluu. 'Should' njano, kwa sababu wanga ni ushauri tu, shati linaweza kuishi bila wanga. 'May' kijani.

Nimefanya sentensi tano kwa njia hii. Nimekosa zote tano. Lakini ukurasa umependeza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimewahi kukaa karibu na Kola kwa makusudi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ikiwa mimi ndiye ninayemsahihisha, basi alama zake zimo kwenye kalamu yangu. Madamu akasoma majibu, mimi nikayapiga mkasi wa kosa manne yaliyokuwa sahihi. Sita kwa kumi! Nikaandika ile sita kubwa, nikaizungushia duara. Moyo ulitulia kuliko siku nyingi.

Nani alijua kwamba Madamu ana desturi ya pili? Kila palipo na mkasi, aliyesahihisha anasimama na kueleza mwenzake amekosea nini. Nikasimama. Sentensi ya kwanza ilimhusu mteja anayetaka kuvuta sigara karibu na mashuka. Kola aliandika 'must not', yaani ni marufuku kabisa. Nikasema mimi naona ni ukali usio na sababu, mteja huyo angeshauriwa tu. Madamu akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama nikimkuta mtu anawasha kiberiti humu stoo, nitamshauri. Fundi Sindano alicheka hadi akajidunga kidole.

Na hapo Kola akasimama kunitetea! Akasema kaka yake ana moyo mwepesi kwa wateja tangu zamani, hapendi kumfokea mtu, kwa hiyo neno la ushauri limemjia lenyewe. Darasa zima likatikisa vichwa, oo, oo, ana huruma. Madamu akasema hayo ndiyo maelezo bora aliyoyasikia wiki hii. Akampa Kola alama zake nne, na moja ya ziada juu.

Kumi na moja kwa kumi. Mtu anapataje kumi na moja kwa kumi?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Roho imeniuma tangu asubuhi. Jana baada ya masomo Kola alifuta ubao, akakunja kitambaa cha kufutia pembe nne, akambebea Madamu mkoba hadi barabarani. Nimeyaona yote kupitia mlango wa chumba cha pasi. Kujipendekeza huko! Na Fundi Sindano ananiambia alimsikia Madamu akimwambia Meneja kwamba kijana yule lugha inamkaa. Nikamuuliza, kwa kujitia sijali, kama mimi pia nilitajwa. Akasema ndiyo. Madamu alisema nina mwandiko mzuri.

Mwandiko!

Nimeshaona. Hapa si akili, hapa ni mkoba. Kama yeye anabeba mkoba, mimi lazima nipate kitu kikubwa kuliko mkoba. Nimefikiri siku nzima. Nimeunguza foronya mbili nikifikiri. Saa kumi jibu likaja: koti. Madamu ana koti moja la kijivu, halivui. Koti likichafuka, nani atalisafisha? Dobi. Dobi gani? Mimi. Nitalifua bure, nitalipiga pasi mpaka ajione mgeni ndani yake. Mkoba utasahaulika.

Kilichobaki ni koti kuchafuka.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Limechafuka. Nilimkaribisha Madamu kwa kikombe cha chai, nikajikwaa kwenye robota nililoliweka mwenyewe. Chai yote kwenye koti. Kidogo ikaingia kwenye kiatu chake pia, hiyo haikuwa kwenye mpango. Nikaomba radhi, nikajishika kichwa, nikamwambia asihangaike, kesho kutwa litarudi likiwa jipya, kwa gharama yangu. Akasema mimi ni muungwana. Muungwana! Nikageuka nimwone Kola anavyomeza mate.

Kola alikuwa amepiga magoti anamfuta Madamu kiatu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Haya nayaandika mlango ukiwa umefungwa.

Kabla ya kufua, nguo inapekuliwa mifuko. Sheria ya kiwanda ni kwamba chochote kinachopatikana mfukoni kinaingia kwenye kopo la Meneja bila kusomwa. Kwa miaka kumi na sita nimeishika sheria hiyo. Nimekutana na barua za mapenzi zenye marashi, sijasoma. Mbili nilisoma. Leo, mfuko wa ndani wa koti la Madamu: karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua ili nione kama imelowa chai. Juu imeandikwa: Mtihani, Ijumaa 14, Majibu. Chini yake nambari moja hadi ishirini, na mbele ya kila nambari neno moja kati ya yale manne.

Nikaifunga. Nikaifungua. Nikajiambia kwamba mtu mwaminifu angeipeleka kwenye kopo. Nikajiambia pia kwamba mtu mwaminifu hana miguu yangu. Halafu nikamwona Kola kupitia mlangoni, yuko kwenye meza yake, anapiga kola huku anajisomea daftari lililosimamishwa kwenye chupa ya wanga. Na Meneja alipopita alisimama kumsikiliza! Basi. Niliisoma yote.

Lakini ishirini ni nyingi. Nimejaribu kuzikariri, nikifika ya saba, za kwanza zinakimbia. Kuzinakili sikutaka, maana karatasi ni ushahidi. Hapo ndipo ile njia yangu ya rangi ilipojionyesha kazi yake. Uzi! Nani atamkamata dobi kwa kuwa na uzi kwenye shati? Nikamwendea Fundi Sindano nimwombe uzi wa rangi nne. Akauliza wa nini. Nikasema ni dawa ya mgongo. Akanitazama kwa muda mrefu, akanipa, akasema huo mgongo wangu anausikitikia.

Saa ya chakula nimejificha nyuma ya tangi la maji ya moto na shati langu jeupe la kutokea. Ndani ya mkono wa kushoto, pale karibu na kifungo, nimeshona vijiuzi ishirini kwa mpangilio: njano, nyekundu, nyekundu, bluu, kijani, na kuendelea. Kila kimoja nimekiacha ncha inaning'inia kidogo, ili kidole kiweze kuhesabu chini ya meza bila mimi kutazama sana. Nimejidunga mara tisa. Kazi safi. Fundi Sindano mwenyewe asingefanya vile.

Karatasi nimeirudisha mfukoni mwa koti, mikunjo ile ile.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Koti limerudishwa. Madamu amelivaa, akajitazama kwenye kioo cha choo, akarudi akitabasamu. Akagusa mfuko wa ndani. Mimi nilikuwa nasoma dari. Akasema kazi hii ni ya mtu anayeijali kazi yake. Kola akadakia kwamba kaka ndiye bingwa wa pasi hapa, yeye mwenyewe ni mwanafunzi tu. Huyu mtu hawezi kukuachia hata sifa moja uile peke yako! Lazima aingize mkono wake.

Madamu akasema kesho, mbali na yale mapengo ishirini, kutakuwa na la ishirini na moja. Kila mmoja ataandika sentensi yake mwenyewe kumhusu mtu anayemjua, kwa neno moja kati ya manne. Hilo sikulitilia maanani. Mwenye ishirini, la ishirini na moja la nini?

Jioni Kola amesoma mezani, Mama anamsikiliza mapengo. Mimi nimepumzika kitandani, mikono nyuma ya kichwa, nikipiga mluzi. Mama akaja mlangoni kuuliza kama mimi sisomi. Nikamwambia mwenye kujua hahangaiki. Akasema haya.

Shati nimelitundika mlangoni. Kola akauliza kesho nitavaa nini. Nikasema lile jeupe, na lisiguswe. Akasema sawa, kaka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Aliligusa.

Nimeamka, shati limenyooka mlangoni kama limetoka dukani jana. Kola wima pembeni yake, amejaa furaha. Alikuwa ameamka mapema kuliko mimi, akawasha pasi. Akaniambia, "Kaka, nisamehe, najua ulisema lisiguswe. Lakini siku ya mtihani nikuache utoke na shati lisilopigwa pasi, wewe uliyenifundisha? Na kulikuwa na nyuziuzi chafu ndani ya mkono. Nimezitoa zote. Hata moja haikubaki."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza, polepole, hizo nyuzi ziko wapi. Akasema Mama amefagia. Nikatoka mbio kwenye pipa la taka. Nililifukua kwa mikono yote miwili. Nimepata saba, zimevingirishana na maganda ya vitunguu. Jirani akanisalimia kutoka dirishani kwake, akauliza kama nimepoteza pete. Nikasema ndiyo.

Siwezi hata kumgombeza! Ningemwambia nini? Dobi yeyote duniani akiona uzi unaning'inia atautoa. Mimi ndiye niliyemzoesha hivyo. Nilikuwa nikimpiga kofi la mkono zamani akiacha uzi.

Stoo ya mashuka, saa sita na nusu. Madamu akagawa karatasi. Kidole changu kikaingia ndani ya mkono wa shati kikapapasa matundu ya sindano. Matundu yote ishirini yapo. Nikayahesabu moja moja. Lakini matundu hayana rangi. Jasho likaanza kunitoka hadi Fundi Sindano akanisogezea taulo ya mteja. Nilikumbuka ya kwanza ni njano, ya pili nyekundu, na ya tatu nyekundu. Baada ya hapo ni giza tupu. Zilizobaki nikaziandika kwa zamu, neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha tena, ili angalau kila neno lipate haki yake.

La ishirini na moja. Wengine walikuwa wanaandika, wanafuta, wanaandika. Kola alifikiri sana, akanitazama, akainama. Mimi nikaandika sentensi niliyoihisi mwili mzima: "I must sit." Lazima nikae. Hiyo haihitaji uzi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Majibu yamesomwa mbele ya kiwanda kizima, mashine zimezimwa. Kola kumi na tisa. Fundi Sindano kumi na nne. Alipoambiwa alikaa chini. Mimi sita. Sauti ya Meneja ilishuka alipofika kwenye sita yangu, kama anatangaza msiba. Mama alikuwepo pia. Kola ndiye aliyemwalika.

Kisha Madamu akasema kuna sentensi moja ya ishirini na moja anataka wote waisikie. Akavaa miwani. Akasoma: "My brother taught me everything, so he should have the chair." Akatafsiri kwa wale ambao hawakuhudhuria masomo: kaka yangu alinifundisha kila kitu, kwa hiyo ingefaa kiti apewe yeye.

Makofi! Fundi Sindano alipangusa macho kwa leso ya mteja. Mama alilia wazi wazi. Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma humu: nilitaka kumshika mdogo wangu nimkumbatie mbele ya watu wote. Nilishainua mguu mmoja.

Halafu nikatafakari. Ile sentensi inamhusu nani? Mimi. Aliyefundisha ni nani? Mimi. Mwenye miguu iliyovimba? Mimi. Na makofi yanakwenda kwa nani? Watu walimzunguka, wanampiga mgongoni, wanamwambia hakuna moyo kama wako. Mimi nilibaki pembeni nikiwa habari yenyewe, wala hakuna aliyenipa mkono. Mguu niliurudisha chini.

Meneja akasema kanuni ni kanuni, kiti ni cha Kola. Kola akaomba ruhusa ya kusema. Akasema hatakaa juu ya kiti huku kaka yake amesimama. Akapendekeza tugawane: asubuhi yeye, mchana mimi, na vikaratasi vya Kiingereza vya mchana atakuwa ananiandalia kabla hajaondoka, mpaka nizoee. Meneja akakubali. Makofi tena. Ya kwake tena!

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimekaa! Saa saba kamili. Kiti kimezunguka mzunguko mzima bila kulalamika. Feni ilinipepea kichogoni. Nimempokea mteja wa suti, nikampa kikaratasi kimoja kati ya vile alivyoniandalia Kola, akasoma, akashukuru, akaondoka. Miguu leo haikuvimba. Nyumbani Mama hakufungua dirisha.

Ingekuwa siku njema kabisa kama nisingeiona asubuhi yake. Kuanzia saa mbili nilikuwa kwenye pasi, na mlango ulikuwa wazi. Nimeona kila kitu. Watu wa asubuhi wanakuja wameoga, wanasalimia kwa furaha, wanamwita Kola bosi. Mama mmoja wa ofisini alimletea gazeti. Barabara asubuhi ina mambo: watoto wa shule, magari, fundi baiskeli anagombana na mwenye duka la simu. Mchana fundi amelala, mwenye duka amelala. Wateja wangu walikuwa saba, na wanne walikuja kuuliza Kola yuko wapi. Isitoshe, kiti ninakikuta cha moto.

Amenipa mchana. Mtu mwenye moyo kama wanavyosema, angenipa asubuhi.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Asubuhi: wateja ishirini na sita, nimehesabu kwa kunong'ona huku napiga mashuka. Mchana: wateja wanane, mmoja alikuwa amepotea anatafuta daktari wa meno. Nimempa kikaratasi hata hivyo.

Nimeamua. Nitamwandikia Meneja barua, tena kwa Kiingereza, aone nilivyokomaa. Sitamtaja mtu kwa jina, mimi si mchonganishi. Nitasema tu kwamba jua la asubuhi dirishani linaharibu macho ya vijana, na kwamba mkubwa apewe zamu ya asubuhi kwa ajili ya ukubwa wake.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Barua imenichukua jioni nzima na ilikuwa karibu kukamilika. Limebaki pengo moja tu, pale pale penyewe, kwamba mkubwa apewe asubuhi. Je, ni lazima apewe? Ingefaa? Anaweza? Anaruhusiwa? Yote manne yakaingia vizuri. Na katika nyumba hii mwenye kulijua ni mmoja. Nikampelekea Kola barua nikiwa nimefunika sehemu kubwa kwa kiganja. Nikamwambia kuna rafiki yangu ananiuliza.

Akasoma palipoonekana. Akaomba niinue mkono kidogo, aone sentensi inakoelekea. Nikainua kidogo. Akasoma taratibu hadi chini. Akachukua penseli, akajaza pengo.

"Weka 'should', kaka. Ukiweka 'must', Meneja atachukia." Kisha akanirudishia karatasi. "Lakini kama ni asubuhi unayoitaka, ungeniambia tu. Kesho kaa wewe asubuhi. Mimi nitachukua mchana."

Mama alisikia kutoka jikoni. Alitoka, akamjazia Kola sahani upya.

Nimeshinda! Asubuhi ni yangu! Wateja ishirini na sita, gazeti, fundi baiskeli, kiti baridi ambacho hakuna aliyekikalia. Nimejitupa kitandani nicheke vizuri.

Kicheko hakikuja. Mbona amekubali upesi hivyo? Hakubishana hata kidogo. Hakuna mtu anayetoa asubuhi yake kwa sentensi moja, isipokuwa mchana kuna kitu. Nimeanza kufikiri. Mchana jua limehama dirishani. Mchana ni kimya, mtu anaweza hata kusoma. Madamu huja kuchukua nguo zake mchana. Meneja hunywa chai yake mchana, tena pale pale kaunta, na anapenda mtu wa kuongea naye. Siku zote tatu alikunywa na mimi, nami sikutilia maanani! Wateja wanane tu, miguu imenyooshwa, feni yote yangu. Na mimi nimeupoteza mchana huo kwa mikono yangu, na yeye akaudaka huku anajifanya mwema.

Bahati nzuri barua bado sijaipeleka. Ni nzuri, imeshasahihishwa na mtu anayejua. Kesho nitabadilisha neno moja tu: palipoandikwa asubuhi, niweke mchana.